Umeuziwa jeli ya jongoo bahari? Soma hii kabla ya kufungua chupa

NILIIKUTA kwenye friji, nyuma ya maziwa, siku niliyoenda kumwona mamangu Makongeni, Thika. Chupa ya kioo, kifuniko cha rangi ya dhahabu, na ndani uji mzito wa kahawia unaotikisika kama supu ya miguu iliyolala usiku kucha. Kwenye lebo kulikuwa na mchoro wa kitu kama tango lenye miiba.

“Mama, hii ni nini?”

“Jongoo wa baharini,” akanijibu huku akichambua maharagwe, kana kwamba kila nyumba ya Phase 5 ina jongoo wa baharini kwenye friji. “Ni chakula tu. Inasaidia magoti.”

Alikuwa ameuziwa na mwenzake wa chama, ambaye naye aliingizwa kwenye biashara hiyo na binti yake, msichana wa rika langu. Ndio mtindo wa mtaani siku hizi. Unalipa ada ya kujiunga, unakabidhiwa chupa kadhaa, kisha unaambiwa uanze na “watu wako”. Na watu wako ni akina nani? Ni mathe, shangazi na majirani ambao magoti yanawauma wakipanda ngazi.

Simlaumu msichana huyo. Kazi hakuna, kodi ya nyumba haingoji, na mimi mwenyewe nusura nijiunge na biashara kama hiyo nilipomaliza chuo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua, na ambalo mamangu hakuona haja ya kulitaja. Mama anatumia wafarini.

Mwaka jana damu iliganda kwenye mguu wake wa kushoto, ukavimba hadi akashindwa kuvaa kiatu. Tangu wakati huo humeza wafarini kila jioni, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, na kila baada ya wiki kadhaa huenda kliniki kupimwa. Kipimo chenyewe huitwa INR. Mtu ambaye hatumii dawa hiyo huwa karibu na 1. Mgonjwa kama Mama kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaweza kuganda tena. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu, hata ndani ya kichwa, bila kuanguka wala kugongwa na kitu.

Ni hapo ndipo aliponiambia, tena kwa kupitia tu, kwamba kwa wiki nzima fizi zake zilikuwa zikitoka damu akipiga mswaki. Alidhani ni mswaki mpya. Nilipomwambia akunje mikono ya sweta, niliona madoa ya bluu ambayo hakukumbuka aliyapata wapi.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki. INR ilisoma 5.8.

Daktari akamuuliza kama kuna dawa yoyote mpya anayotumia. Mama akajibu hakuna, na hakuwa anadanganya. Kwake yeye dawa ni kile kinachotoka kwenye karatasi ya daktari. Jongoo ni chakula. Mimi ndiye niliyeitoa chupa mkobani na kuiweka mezani.

Daktari akaisoma lebo, akaigeuza, akauliza tena: na chakula chako umebadilisha? Hapo ndipo hadithi ya pili ilipotoka. Kwa wiki tatu Mama alikuwa ameacha ugali na sukuma wiki usiku. Alikuwa akila vijiko viwili vya jeli na kikombe cha uji, kwa sababu aliambiwa atapunguza kilo na magoti yatapumua.

Basi kukawa na washukiwa wawili. Sukuma wiki ina vitamini K nyingi, na vitamini K hupingana na wafarini. Mgonjwa aliyezoea kula sukuma kila siku kipimo cha dawa yake hupangwa kulingana na hali hiyo. Akiiacha ghafla, dawa ile ile inakuwa kali kupita kiasi. Upande wa pili, jongoo bahari ana kondroitini ya aina yake ambayo maabara zimeonyesha huzuia damu kuganda, kwa njia inayofanana na ya sindano ya heparini. Daktari alisema wazi kwamba hawezi kuapa ni kipi kilichofanya kazi hiyo, au kama ni vyote kwa pamoja. Akamwambia asimeze wafarini kwa siku mbili, arudi apimwe, jeli aiache kabisa, na sukuma airudishe kwenye sahani.

Nilitoka pale nimekasirika. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya tangu nilipoiona chupa: nikaanza kumsoma huyu jongoo.

Jina lake linamharibia sifa bure. Hana undugu na yule jongoo wa miguu mingi anayejikunja shambani baada ya mvua. Ndugu yake ni yule samaki-nyota ambaye Wapwani humwita kiti cha pweza. Hana ubongo. Anatambaa polepole sakafuni mwa bahari akimeza mchanga, anafyonza mabaki ya chakula yaliyomo, kisha anautoa mchanga ukiwa msafi. Kazi yake baharini ni kama ya nyungunyungu shambani. Baadhi yao wakishtuliwa hutapika utumbo wao mzima, kisha baadaye wanaota mwingine. (Laiti ingekuwa hivyo kwetu sisi tunaokula mutura usiku wa manane.)

Kuna zaidi ya aina 1,200 za majongoo bahari duniani, ingawa wanaouzwa kwa ajili ya kuliwa hawafiki 100. Mmoja wao atawafurahisha watu wa Thika: jina lake la kisayansi ni Thelenota ananas, kwa sababu mgongo wake umejaa vinundu kama nanasi. Sisi tuliolelewa tukitazama mashamba ya mananasi tuna jamaa yetu chini ya bahari na hatukujua.

Tena si mgeni wa kutoka mbali. Anavuliwa hapa Kenya, hasa Kwale, katika vijiji kama Gazi, Shimoni, Majoreni na Vanga. Wanaume hupiga mbizi, na wanawake huwaokota maji yanapokupwa. Nina rafiki tuliyesoma naye chuo ambaye kwao ni Gazi. Nilimpigia simu kumuuliza huwapika vipi. Alicheka mpaka nikaona aibu.

“Sisi hatuwali hao, bwana. Twawauza.”

Akanieleza kwamba kwao kuna jongoo mchanga, kuna pauni, na kila mmoja ana bei yake. Mvuvi anamuuzia tajiri wa kijijini, anachemshwa, anakaushwa, anapelekwa Mombasa, na kutoka hapo safari ni ya Hong Kong na China. Wachina humwita haishen, maana yake jinsengi ya baharini, na kilo moja ya aliyekauka vizuri, wa aina nzuri, huuzwa huko kwa mamia ya dola. Mzamiaji wa Gazi huona sehemu ndogo sana ya pesa hizo. Kwa kuwa wanamalizwa haraka, Kenya imekataza kuwavua kwa mitungi ya hewa. Pauni nyeupe na pauni nyeusi zimewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu Agosti 2020, na yule jamaa yetu wa mananasi akafuata Mei 2024.

Kwa hivyo mnyama anatoka Kwale, anasafiri hadi Asia, anasagwa, anatiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha dhahabu, na huenda akarudi Kenya kuuzwa Makongeni kwa bei ambayo mvuvi aliyemtoa majini hawezi kuimudu.

Jambo ambalo rafiki yangu alilisisitiza ni hili: asishikwe ovyo. Baadhi ya majongoo hutoa nyuzi nyeupe zinazonata, na maji yake yakiingia jichoni yanaunguza vibaya. Ana sumu inayoitwa holothurini, ya kundi la saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni. Katika visiwa vya Pasifiki wavuvi walikuwa wakiwaponda kwenye vidimbwi vya miambani ili samaki walewe waokotwe kwa mikono. Hiyo ndiyo sababu maandalizi yake ni marefu. Anapasuliwa, utumbo unatolewa, anachemshwa. Jongoo mchanga hufukiwa mchangani usiku kucha ili ngozi ya juu ilegee, na kuna wanaotumia majani ya mpapai kwa kazi hiyo, kisha anasuguliwa, anachemshwa tena na kuanikwa. Sumu nyingi hutoka na utumbo na kwenye yale maji yanayomwagwa.

Kwa hivyo ukienda Diani likizo ukamkuta amelala kwenye maji mafupi, mwache. Usimbebe, usimkamue mbele ya kamera, usijaribu kumchoma kwenye jiko la makaa. Kuna Wajapani wanaomla mbichi, lakini ni aina yao, na anayemkata anajua anachokifanya.

Sasa tuje kwenye faida, kwa sababu zipo.

Gramu 100 za nyama yake zina protini gramu 13 hivi, mafuta chini ya gramu moja, na kalori zisizofika 70. Hizo ni namba nzuri. Ni protini sawa na ya mayai mawili, bila mafuta ya mayai. Ana madini kama kalisi, magnesiamu, chuma na zinki. Kwa mtu anayepunguza uzito au anayekatazwa mafuta, ni chakula kizuri, sina ubishi.

Lakini wewe unayeshinda gym na umesikia kwamba jongoo anajenga misuli, subiri kidogo. Karibu asilimia 70 ya protini iliyo kwenye ngozi yake ni kolajeni. Kolajeni haina triptofani, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwa misuli, yai linamshinda. Maharagwe na githeri yake hayako nyuma. Na kama shida yako ni kolajeni kwa ajili ya ngozi, basi ipo kwenye supu ya kichwa na miguu inayouzwa jioni pale kwa stendi, na ipo kwenye ngozi ya samaki ambayo wengi wetu huibandua na kumpa paka. Tumbo halijui kolajeni imetoka Kwale au kwa bucha. Linaivunjavunja yote.

Halafu kuna hesabu ya kapsuli, ambayo wauzaji hawapendi ipigwe. Kapsuli ya miligramu 500, hata ikiwa yote ni jongoo mtupu, ukimeza sita kwa siku ni gramu 3. Hata kama zote zingekuwa protini, hiyo ni nusu yai. Linganisha na bei ya chupa, kisha na bei ya trei ya mayai sokoni.

Nilitaka kumwonja kabla ya kuandika. Nikapanda matatu hadi mjini, kisha hadi mkahawa mmoja wa Kichina Kilimani, nikaagiza. Bei sitaitaja kwa sababu Mama husoma hapa. Alikuja amekatwa vipande vyeusi vinavyong'aa, kwenye mchuzi wa uyoga, tangawizi na soya. Ukiuma, ni katikati ya matumbo yaliyochemshwa sana na ngozi ya kuku. Ladha yake mwenyewe hana, ni ya mchuzi. Mhudumu alinieleza kwamba aliyekauka hulowekwa siku mbili au zaidi, maji yakibadilishwa, anachemshwa, anaoshwa mchanga uliobaki ndani, analowekwa tena mpaka afure mara kadhaa ya alivyokuwa. Na sufuria isiwe na hata tone la mafuta wakati wa kulowekwa, la sivyo anayeyuka. Nilimaliza sahani. Sitasema nimemkosa tangu hapo.

Kwenye lebo ya Mama, hata hivyo, hakukuwa na habari za uyoga na tangawizi. Kulikuwa na kisukari, presha, saratani, vidonda vya tumbo, magoti, ngozi na nguvu za kiume. Orodha ikiwa ndefu hivyo, mimi hushika mfuko wangu.

Habari ya saratani ina chanzo chake. Kuna kemikali iitwayo frondosaidi A, kutoka kwa jongoo wa maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, ambayo imepunguza uvimbe kwa panya na kuua seli za saratani maabarani. Ni kazi ya kweli ya wanasayansi. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni safari ndefu, na dawa nyingi huishia njiani. Aliye na saratani akiacha matibabu ili anunue jeli, hiyo si tiba mbadala, ni muda anaoupoteza. Habari ya magoti nayo inatokana na kondroitini, ambayo hata ile ya kawaida ya duka la dawa, iliyojaribiwa kwa watu, huonyesha nafuu ndogo au haionyeshi kabisa. Ya vidonda inatoka Malaysia, ambako watu wa Langkawi wamepaka mafuta ya gamat, jongoo wao, kwenye majeraha kwa vizazi. Desturi hiyo naiheshimu. Ila kupaka kwenye jeraha si sawa na kunywa kwa kijiko kutwa mara mbili.

Ni nani basi anayepaswa kujihadhari? Wa kwanza ni kila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, iwe wafarini, rivaroksabani, klopidogreli au hata aspirini ya kila siku. Anayesubiri upasuaji naye amwambie daktari mapema, maana virutubisho vya aina hii kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla. Ukiwa ni mtu wa kuvimba midomo au kutokwa na mabaka ukila kamba au kaa, usimjaribu ukiwa peke yako nyumbani. Mwenye presha aangalie chumvi, kwa sababu majongoo mengi yaliyokaushwa hutiwa chumvi nyingi. Mjamzito na anayenyonyesha aachane na kapsuli na jeli. Na kwa kuwa jongoo anaishi kwa kumeza mchanga, anayetoka kwenye maji machafu anaweza kubeba risasi, zebaki na aseniki, ndiyo maana bidhaa isiyosema imetoka wapi mimi siigusi.

Na kama mtu wako anameza wafarini, jua dalili hizi: fizi au pua kutoka damu bila sababu, madoa ya bluu yasiyoeleweka, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote. Hizo hazingoji siku ya kliniki. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile asiache wafarini mwenyewe kwa kuogopa, kwa sababu damu inayoganda nayo huua.

Kwa ninyi mnaouza, nina ombi moja dogo. Kabla ya kumpa mama wa watu chupa, muulize anatumia dawa gani. Akitaja ya damu, mwambie aulize daktari kwanza. Utapoteza mauzo ya siku moja. Na aliyekuambia jeli yake inatibu, mwombe akuonyeshe namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, kwa sababu inayotibu ni dawa, na dawa husajiliwa. Yule msichana wa chama nilienda kumwona. Tulikaa kwa ngazi za ploti yao, nikamweleza yote. Alikaa kimya kwa muda, halafu akaniambia kuna wazee wengine wawili aliowauzia ambao alikuwa hajui wanameza nini. Jioni hiyo akawapigia simu. Mmoja alikuwa anatumia aspirini.

Mama alirudi kupimwa baada ya siku mbili, kisha wiki iliyofuata. INR imeshuka hadi 2.6, fizi zimetulia, na sukuma imerudi. Jeli iliyobaki aliimwaga, lakini chupa aliiosha na sasa anaweka majani ya chai, kwa kuwa kifuniko, anasema, kinafunga vizuri.

Juzi amenitumia picha kwa WhatsApp. Ni paketi ya unga wa mlonge, kutoka kwa mwanachama mwingine wa chama. Chini ameandika: “Na hii je?”

Nimemwambia amtumie daktari.